Somo: Kujiandaa na masomo ya chuo kabla ya Oktoba, kwa waliomaliza kidato cha sita

Kila mwaka mtihani wa kidato cha sita ukishaisha mwezi Mei, swali ni lilelile: "Kaka, nisome nini kabla ya chuo?" Najibu mmoja mmoja mpaka Oktoba. Safari hii naandika mara moja, na atakayeniuliza nitamleta hapa.

Mimi naendesha tyutoriali za hesabu za mwaka wa kwanza, kwa hiyo haya yanawahusu zaidi wanaokwenda sayansi, uhandisi, kompyuta, takwimu na uchumi. Wa sheria na lugha, hatua ya 4 ni yenu.

Shikeni jambo moja kabla ya mengine. Wengi ninaowaona wakihangaika mwaka wa kwanza wanahangaishwa na mambo ya kidato cha pili na cha tatu waliyoyabeba nusunusu mpaka chuoni. Mada mpya mhadhiri atakufundisha. Ya zamani hatakurudishia hata dakika moja, anachukulia unayo.

Hatua ya 1. Pumzika. Wiki mbili usiguse daftari.

Hatua ya 2. Karatasi zako. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), au ZCSRA kwa walioko Zanzibar, na majina yafanane na ya cheti cha kidato cha nne herufi kwa herufi. Dirisha la mkopo likifunguliwa vitu vyote viwe tayari. Mwongozo wa HESLB (bodi ya mikopo) hutoka kila mwaka, usome wewe mwenyewe badala ya kusimuliwa.

Hatua ya 3. Jipime, kisha ziba mapengo. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo watu wanapoharibu miezi yote.

Chukua karatasi tupu. Usifungue notsi wala usishike kalkuleta. Fanya difrensiesheni ya 1/x kwa njia ya msingi, ile yenye h. Unaandika 1/(x+h), unatoa 1/x, halafu yote unagawa kwa h. Mpaka hapo kila mtu anafika kwa sababu amekariri. Sasa zile sehemu mbili zinataka asili moja, na hapo kalamu zinasimama. Wapo wanaoandika kwamba 1/(x+h) − 1/x ni 1/h. Wapo wanaofika salama kwenye −h/(x(x+h)) kisha wanashindwa kuigawa kwa h, kwa sababu kugawa sehemu kwa namba nzima waliachana nako shule ya msingi. Asiyekwama anapata −1/(x(x+h)), anaiacha h iende sifuri, anabaki na −1/x².

Tazama ugumu uko wapi. Kalkulasi yenyewe ni ule mstari wa mwisho tu. Mistari yote ya kabla yake ni KDS (kigawe kidogo cha shirika) na kugawa sehemu, hesabu za shule ya msingi zilizovalishwa herufi. Sasa fikiria uko kwenye ukumbi wa watu mia tatu, mhadhiri ameruka mistari hiyo kwa kuwa kwake iko wazi, na wewe bado unajiuliza ile −h imetoka wapi. Ukija kuielewa, ameshafuta ubao. Utatoka pale ukiamini kalkulasi ni ngumu, kumbe hujakutana nayo bado.

Kwa hiyo jipime hivi kwenye mambo matano: sehemu zenye herufi, vipeo na vipeuo, logi, trigonometria, na kuchora grafu kwa kuielewa bila kupanga jedwali la nukta. Palipokusimamisha, rudi kwenye kitabu cha kidato cha pili hadi cha nne, fanya zoezi zima, sahihisha. Swali ulilokosa liandike pembeni, na baada ya siku mbili lifanye upya bila kuangalia. Ukilikosa tena, linarudi pembeni. Ukipata bando hata siku moja, OpenStax wanatoa bure vitabu vya aljebra na trigonometria. Pakua mara moja, utasoma bila intaneti.

Onyo la kwanza: usianze na notsi za mwaka wa kwanza ulizoachiwa na kaka au dada. Zimeandikwa kwa mtu aliyekuwepo darasani. Utazipitia mpaka kurasa zizoeleke machoni, udhani umeelewa, na jaribio la kwanza likuoneshe kwamba ulizoea sura za kurasa tu.

Onyo la pili: kumtazama mtu akifanya hesabu kwenye video hakukufundishi kuifanya. Isimamishe video swali likishasomwa, fanya lako mpaka mwisho, ndipo umwache aendelee.

Onyo la tatu: mliosoma BAM (Basic Applied Mathematics) badala ya hesabu kamili za Advance, yaani kidato cha tano na sita, lipeni jambo hili muda mara mbili, hasa trigonometria na intigresheni. Darasani mtakaa benchi moja na watu wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) na mtihani utakuwa mmoja.

Hatua ya 4. Kusoma Kiingereza kirefu na kuandika kwa maneno yako. Chagua makala au sura ya kitabu, soma kurasa mbili, funga, andika sentensi tano za hoja kuu. Fungua ulinganishe. Watu wa uhandisi wanairuka hatua hii, kisha wanakutana na kozi za stadi za mawasiliano na za maendeleo zinazodai insha, na maksi zake zinaingia kwenye GPA (wastani wa alama zako chuoni) sawasawa na za hesabu.

Hatua ya 5. Jifunze kuchapa kwa vidole vyote.

Hatua ya 6. Wa kompyuta, na wa uhandisi wenye muda: anza Python, lugha ya kuandikia programu. Ishia kwenye vigeu, masharti, marudio na kazi ndogondogo. Zoezi la mwisho liwe programu ya kukokotoa GPA. Kwenye mfumo wetu wa 5, A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1. Kila alama unaizidisha kwa krediti za kozi yake, unajumlisha, unagawa kwa jumla ya krediti. A ya krediti 12 na C ya krediti 8 zinakupa 76 gawanya kwa 20, yaani 3.8. Programu yako ikitoa 3.5 umesahau krediti, umechukua wastani wa 5 na 2.

Hatua ya 7. Mtafute mtu wa mwaka wa pili wa kozi hiyohiyo, chuo hichohicho. Muulize kozi ipi inawapa watu sapu (mitihani ya kurudia) nyingi, na mhadhiri anafuata kitabu gani. Hayo mawili yanatosha.

Karibuni kwa maswali.

---

kimara_boy: Mkuu naomba PDF zote za mwaka wa kwanza computer science, namba yangu nimekutumia inbox.

FundiHesabu: Hatua ya 3, onyo la kwanza.

kimara_boy: Nimeona, ila mimi ni mwepesi wa kuelewa.

FundiHesabu: Basi hata 1/x haitakuchukua muda. Ifanye, piga picha karatasi, itume hapa. Tutaanzia hapo.

Naima_Tanga: Shikamoo kaka. Nimefanya 1/x nikapata. Nikajaribu kipeuo cha pili cha x kwa njia hiyohiyo, nikakwama. Juu nina √(x+h) − √x, na asili moja hainisaidii kwa sababu hakuna sehemu. Nikiweka h sifuri napata sifuri juu, sifuri chini.

FundiHesabu: Marahaba mdogo wangu. Umekwama mahali pazuri sana, na umeeleza vizuri kwa nini umekwama, ambayo ni kazi nusu. Tatizo ni kwamba h imejificha ndani ya vipeuo na unataka itoke. Kumbuka (a − b)(a + b) = a² − b². Ukimzidisha √(x+h) − √x kwa √(x+h) + √x, vipeuo vinaondoka, unabaki na (x+h) − x, yaani h peke yake. Ukizidisha juu, zidisha na chini. Sasa una h juu, na chini una h mara (√(x+h) + √x). H zinakatana, inabaki 1/(√(x+h) + √x). Iache h iende sifuri: 1/(2√x). Kisha jaribu 1/√x. Inahitaji ujanja wa 1/x na huu wa leo kwa pamoja.

Naima_Tanga: Nimepata −1/(2x√x). Nilianza na asili moja, ndipo nikazidisha.

FundiHesabu: Sahihi kabisa, na mpangilio huo ndio mfupi. Ukitaka nyingine fanya sin x. Utahitaji fomula ya sin(A+B), kwa hiyo trigonometria yako itapimwa humohumo.

jeshi_la_akiba: Mimi nimeitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), kambi ya Oljoro. Nitasoma saa ngapi?

FundiHesabu: Kambini usijidanganye kwamba utasoma. Nenda ukafanye mafunzo. Hatua ya 2 imalize kabla ya kuripoti, na nakala za karatasi mwachie mtu wa nyumbani unayemwamini, kwa sababu dirisha la mkopo linaweza kufunguliwa ukiwa ndani. Ukirudi, ruka zote uende hatua ya 3. Wiki chache za hatua ya 3 zinatosha kukuondoa kwenye hatari.

Salum_pcb: Nina div two ya PCB (fizikia, kemia na baiolojia), naweza kupata udaktari?

FundiHesabu: Hilo ni la udahili. Fungua mwongozo wa TCU (tume ya vyuo vikuu), angalia sifa za kila chuo. Somo hili ni la kusoma.

Mlimani2019: Mnawatisha vijana bure. Mimi niliingia sijagusa kitabu tangu Mei na nilimaliza na 4.2. Chuo ni kujituma ukiwa pale.

FundiHesabu: Hongera kwa 4.2, si ndogo. Ila ulisoma nini Advance?

Mlimani2019: PCM, hesabu nilipata B.

FundiHesabu: Basi msingi ulikuwa nao, na hatua ya 3 ungeimaliza kwa siku chache. Aliyepata E na amepangiwa takwimu hana nafasi hiyo. Coursework (maksi za majaribio na kazi za muhula) inaanza kuhesabiwa mapema, na yeye bado anatafuta asili moja. Simtishi. Namwambia apunguze mzigo akiwa nyumbani, ambako hakuna anayempa maksi.

Mlimani2019: Hapo nakubali. Kuna jamaa yangu alidisko (aliondolewa chuo kwa kufeli) kwa hesabu tu, mengine alikuwa mzuri.

hkl_milele: Kaka, sisi wa sheria umetupa mstari mmoja. Nasoma nini?

FundiHesabu: Sheria siyo fani yangu, ila nimekaa chumba kimoja na mwanasheria miaka mitatu. Alichokuwa akifanya kila siku ni kusoma hukumu. Ingia TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ni bure, chukua hukumu fupi ya Mahakama ya Rufani. Isome, kisha andika ukurasa mmoja: nini kilitokea, mahakama iliulizwa nini, iliamua nini, kwa sababu zipi. Ya kwanza itakuchosha, lakini endelea.

wakili_mtarajiwa: Naongezea kwa sababu niko mwaka wa tatu sheria. Anza na Katiba ya 1977, ibara ya 12 hadi 29, haki na wajibu. Soma nakala ya Kiswahili kwanza, ndipo ya Kiingereza. Na kwenye hukumu, usiruke sehemu ya hoja za pande zote mbili, watu wengi wanakimbilia uamuzi. Mtihani unakupa tukio jipya, hivyo uamuzi wa kesi ya zamani peke yake haukusaidii. Kinachosaidia ni kujua hoja ilishinda kwa nini.

FundiHesabu: Asante sana wakili. Hkl, fuata huyu.

Otieno_Ksm: Habari zenu kutoka Kisumu. Huku tunamaliza KCSE, mtihani wetu wa kidato cha nne, Novemba na chuo ni Agosti au Septemba mwaka unaofuata, na hatuna kidato cha tano na sita. Naenda uhandisi. Hatua hizi zinanifaa?

FundiHesabu: Karibu Otieno. Zinakufaa zaidi kuliko sisi, na muda mnao mrefu. Difrensiesheni na intigresheni mmezigusa kidato cha nne, lakini kwa ufupi. Hatua ya 3 ifanye kama ilivyo, halafu ongeza vekta, matrisi na namba changamano. Namba changamano ndiyo itakayokuwa ngeni kwako, ipe muda wake.

Otieno_Ksm: Sawa kabisa, shukran.

mtoto_wa_fundi: Sina laptop na mzee amesema mpaka mkopo utoke. Hatua ya 6 naifanyaje?

FundiHesabu: Kwa simu ya Android, weka Pydroid 3. Python inafanya kazi bila intaneti ukishaipakua. Kioo ni kidogo, kwa hiyo programu iandike kwanza kwenye daftari, ifuatilie mstari kwa mstari kwa penseli ukiandika thamani ya kila kigeu, ndipo uiingize kwenye simu. Ukifanya hivyo utaelewa marudio vizuri kuliko mwenye laptop anayebonyeza tu kuona kama itakubali.

duka_la_simu_kkoo: Na pesa ikipatikana msikimbilie laptop inayong'aa. Ya mtumba yenye SSD na RAM ya GB 8 inamtosha mwaka wa kwanza. Ukifika dukani iwashe bila chaja, ikae hivyo nusu saa huku ukiangalia asilimia ya betri. Bonyeza kila kitufe cha kibodi, fungua kamera, jaribu matundu yote ya USB.

mtoto_wa_fundi: Risiti wanatoa?

duka_la_simu_kkoo: Idai, iandikwe namba ya mashine na muda wa gerentii. Akikataa kuandika, toka nenda duka linalofuata.