Kutengeneza mpini wa kisu kwa mwaloni wa kinamasi

Weusi wa mwaloni uliozikwa kinamasini hautokani na uzee peke yake. Tanini, ile kemikali ya asili iliyomo ndani ya mti, huungana na chuma kilichoyeyuka majini, kama ilivyokuwa katika utengenezaji wa wino wa zamani, na kwa kuwa tope lile halina hewa, viumbe vinavyoozesha mbao hushindwa kuishi humo. Magogo ya aina hii hufukuliwa Ayalandi, katika nyanda za Fens mashariki mwa Uingereza na kwingineko Ulaya, na baadhi yake yana umri unaozidi miaka 5,000. Waskoti wameitumia mbao hii kwa mipini ya sgian-dubh, kile kisu kidogo kinachochomekwa kwenye soksi. Maji na chuma ndivyo vilivyoifanya iwe jinsi ilivyo, na ndivyo vitakavyomsumbua fundi.

Tuanze na maji, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi huharibikia. Mbao iliyotoka topeni imelowa hadi kiini, na kuta za seli zake zimedhoofika, kwa hiyo inapokauka hunywea na kujikunja kuliko mwaloni wa kawaida. Kipande changu cha kwanza kilionekana kikavu nje, nikakibandika kwenye kisu wiki ile ile. Mwezi wa pili ukucha ulikuwa unaingia kati ya mpini na chuma. Ukipata kipande kibichi, kikate kikiwa kinene kuliko unavyohitaji, paka nta kwenye ncha zake mbili ambako maji hutoka kwa kasi zaidi, kisha kifunge kwa karatasi na kukiweka mahali penye kivuli pasipo na upepo mkali. Kipime kwa mizani kila wiki na uandike uzito wake juu ya mbao yenyewe. Uzito usipobadilika kwa wiki kadhaa mfululizo, hapo ndipo kimetulia. Ikiwa una kipima unyevu, subiri kisome kati ya asilimia 8 na 10. Usijaribu kuharakisha kwa tanuri au jua, kwani nyufa zitaanza ndani, usikoweza kuziona.

Kabla ya kununua, angalia pia kama ni mwaloni wa kinamasi kweli. Mbao iliyotiwa rangi huwa nyeusi juu na nyeupe ikikwanguliwa, ilhali hii ina rangi inayozama ndani, ingawa kiini cha gogo kubwa huweza kubaki kahawia. Ile miale myembamba inayong'aa kwenye mwaloni uliopasuliwa kuelekea kiini huonekana hata katika weusi.

Mbao ikiwa na nyufa ndogo, au kisu kikiwa cha jikoni, ni heri kuijaza resini, yaani kimiminika kinachogeuka kigumu kikipashwa joto: izamishe ndani ya resini kwenye chombo kilichoondolewa hewa hadi mapovu yakome, rudisha hewa, iache inyonye kwa saa nyingi, kisha iive kwa joto analoelekeza mtengenezaji wa resini. Mbao yenye unyevu haitaipokea vizuri. Kipande kigumu kisicho na ufa, kwa kisu cha kazi kavu, mimi hukiacha kama kilivyo, kwani resini huondoa sehemu ya ule mguso wa mbao.

Sasa chuma. Tanini iliyobaki, ikikutana na chuma chenye kaboni na unyevu kidogo, huleta kutu na madoa meusi chini ya mpini. Safisha mkia wa kisu, ile sehemu ya chuma inayoshikwa na mpini, kwa asetoni, ukwaruze kwa msasa namba 80, na uufunike wote kwa gundi ya epoksi, pamoja na kuta za matundu ya ribiti, zile pini zinazoushikilia mpini. Bamba jembamba la shaba njano kati ya mbao na chuma ni kinga nzuri zaidi. Toboa matundu huku ukiwa umeweka kipande cha mbao chini, kwani mwaloni huu humeguka kwenye ukingo wa tundu. Kibano kisikazwe kupita kiasi. Gundi ikikamuliwa yote, hakuna kitakachoshika.

Vumbi lake ni laini na jeusi kama masizi, na vumbi la mbao ngumu limethibitishwa kusababisha saratani ya pua, kwa hiyo barakoa yenye kichujio ni lazima. Chonga kwa tupa, kisha endelea kwa msasa unaozidi kuwa laini: namba 120, 180, 240 na 400. Vumbi la ribiti za shaba njano hujaa kwenye vinyweleo vya mbao na kumetameta kama punje za dhahabu: lipulizie kwa hewa kabla ya kila msasa mpya, la sivyo mafuta yatalifungia humo.

Malizia kwa mafuta ya kitani, tabaka jembamba likikaushwa kabla ya jingine, matatu au manne. Kitambaa ulichopakia kitandaze nje kikauke, kwa sababu kikikunjwa na kuachwa huweza kuwaka chenyewe.