Kabla ya kuanza LPN Marekani: shughulikia kwanza kinachochelewa

Wengi wanaoniuliza kuhusu LPN, yaani muuguzi mwenye leseni wa ngazi iliyo chini ya RN (muuguzi aliyesajiliwa), ni wauguzi wasaidizi, CNA, waliochoka kugeuza wagonjwa usiku kucha huku wakimwangalia mwenzao akisukuma toroli la dawa. Swali la kwanza huwa ada, la pili ugumu wa mtihani. Lakini ninachoona kikirudisha watu nyuma muhula baada ya muhula ni karatasi. Ndiyo maana nimepanga hatua hizi kwa muda wa kusubiri: kinachokula miezi kinatangulia.

Hatua ya 1: Kikague chuo

Masomo ya LPN (Texas na California wanasema LVN) huchukua takriban mwaka mmoja kwa anayesoma kutwa. Mwishoni kuna mtihani wa leseni, NCLEX-PN. Ingia kwenye tovuti ya bodi ya uuguzi ya jimbo lako, uhakikishe programu imeidhinishwa, kisha utazame ni asilimia ngapi ya wahitimu wake hufaulu kwa jaribio la kwanza. Chuo chenye matangazo mazuri na ufaulu wa kusuasua, achana nacho. Na kabla hujatoa hata dola moja, uliza: nikitaka kuendelea hadi RN, masomo haya yatahesabiwa na chuo gani? Wakianza kukuzungusha, umeshapata jibu.

Hatua ya 2: Vyeti vya nyumbani

Mpigie msajili wa chuo umuulize wanakubali tathmini ya vyeti vya nje kutoka shirika gani. WES na ECE ndiyo yanayojulikana zaidi, lakini kila chuo kina lake. Baada ya hapo ndipo uombe baraza la mitihani, KNEC (Kenya) au NECTA (Tanzania), uthibitisho wa matokeo yako. Vyeti vya Kifaransa kutoka Kongo au Burundi vitahitaji pia tafsiri.

Angalia majina. Sisi wa Afrika Mashariki tuna majina matatu, na mara nyingi pasipoti imeyapanga tofauti na cheti cha shule. Kwa karani wa hapa, hao ni watu wawili. Andaa kiapo cha majina mapema.

Kama shule yako haina tena kumbukumbu, au vyeti vilipotea njiani kabla hujafika kambi ya wakimbizi, fanya GED, mtihani wa Marekani unaochukua nafasi ya cheti cha sekondari: masomo manne, alama 145 au zaidi katika kila somo. Wapo wanaoona aibu kurudia sekondari wakiwa na watoto wa sekondari. Aibu hiyo inawagharimu muda kuliko GED yenyewe.

Hatua ya 3: Chanjo na TB

Hapa ndipo watu hukwama wakiwa tayari wamepokelewa chuoni. Chanjo ya kawaida ya homa ya ini B ni dozi tatu, na ya mwisho hutolewa miezi 6 baada ya ya kwanza. Ipo pia ya watu wazima yenye dozi mbili zinazoachana mwezi mmoja. Utadaiwa vilevile surua, matumbwitumbwi na rubela, tetekuwanga, pepopunda na kifaduro, na mafua ya msimu. Kadi yako ya kliniki imepotea? Usikubali kuchomwa zote upya kabla ya kuuliza kipimo cha damu cha kinga. Ukiwa uliugua tetekuwanga utotoni, huenda damu yako ikatosha kuwa ushahidi.

Sasa TB. Wengi wetu tuna kovu la BCG, chanjo ya TB ya utotoni. Kipimo cha ngozi, kile cha kuchomwa mkononi na kurudi baada ya siku mbili au tatu, kinaweza kuvimba kwa sababu ya BCG tu, halafu ukaanza safari ya eksirei na barua za daktari. Omba kipimo cha damu, IGRA, maana BCG haikivurugi. Kifanye kabla ya chanjo ya surua au siku ileile; ukishachanjwa, subiri wiki 4.

Hatua ya 4: Pesa na zamu

Jaza mapema FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali ya Marekani. Mwenye green card anaruhusiwa kuomba. Mwenye hali nyingine ya uhamiaji aulize ofisi ya misaada ya fedha badala ya kujihukumu mwenyewe. Ukumbuke kwamba mafunzo ya wodini huanza alfajiri, hivyo zamu ya usiku na wodi haviendani. Zungumza na msimamizi wako kuhusu kufanya kazi wikendi. Na nyumbani waambie sasa, si baada ya kuanza, kwamba kwa mwaka mmoja pesa utakazotuma zitapungua. Michango ya harusi kwenye WhatsApp itaendelea bila wewe.

Hatua ya 5: Hesabu za dawa

Vyuo vingi vina mtihani wa kuingia. Mmojawapo, TEAS, una maswali 170 kwa dakika 209, na hesabu zake ni za kiwango cha sekondari. Kinachotimua watu baadaye ni hesabu za dozi. Anza sasa:

Mtoto ana uzito wa paundi 44 (kilo moja ni paundi 2.2). Daktari ameandika acetaminophen (ndiyo paracetamol yetu) miligramu 15 kwa kila kilo. Dawa ya maji ina miligramu 160 katika mililita 5.

44 ÷ 2.2 = kilo 20
20 × 15 = miligramu 300
300 ÷ 160 × 5 = mililita 9.375, yaani 9.4

Usikate desimali katikati ya hesabu. Kata mwishoni tu. Andika 0.5, kamwe si .5. Andika 5, kamwe si 5.0, kwa sababu nukta isipoonekana mgonjwa anapewa mara kumi.

Hatua ya 6: Ya wiki za mwisho

Kozi ya BLS ya kuokoa maisha iwe ya watoa huduma za afya na yenye mazoezi ya mikono. Cheti cha mtandaoni peke yake hukataliwa. Alama za vidole na ukaguzi wa rekodi za uhalifu fanya mara tu chuo kikikupa fomu. Kipimo cha dawa za kulevya pia kipo, na hata pale jimbo linaporuhusu bangi, hospitali utakayopelekwa kwa mafunzo inaweza kukukataa kwa sababu hiyo.