Kusoma kozi ya mtandaoni kwa simu huku unafanya kazi ya hoteli Malindi

Nawaandikia wenzangu wa mahoteli Malindi na Watamu, hasa nyinyi ambao mwezi wa nne ukifika, kusi ikianza na mvua, hoteli inafungwa mnaambiwa mkapumzike nyumbani. Hiyo miezi miwili mitatu mnaweza kusoma kitu mkakimaliza. Mimi niko stoo, kila kitu nilikuwa naandika kwenye kadi na kauntabuku, mpaka nikajifunza Excel, ile programu ya mahesabu na majedwali, kwa simu hii hii ya mkononi, sai ripoti ya mwisho wa mwezi iliyokuwa inanilaza kazini naimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Kabla hujafungua apu yoyote jiulize kazini ni kitu gani kinakuchelewesha kila siku. Mpishi labda hajui kupiga hesabu sahani moja inagharimu ngapi, wa mapokezi barua pepe za wageni zinamsumbua, na Kiitaliano wengi wetu tunacho cha kuongea lakini kukiandika ndio kazi. Tafuta somo la hicho kimoja tu, ukichukua kozi tano kwa mpigo hutamaliza hata moja.

Sasa bando, hapa ndipo watu wengi wanapokatikia. Vidio ya lisaa limoja ukiiacha ubora wa picha wa juu, 1080p, inapita GB 1, ukiishusha 360p ni kama MB 300. Somo la mtu kuongea 360p inatosha kabisa lakini la Excel chukua 480p, la sivyo vile vijinamba huvioni. Ukiwa na ruhusa ya wifi ya kazini daunlodi masomo ya wiki nzima siku moja, YouTube inakubali na apu ya Coursera, mtandao wa kozi, pia inakubali, halafu ukifika nyumbani zima data usome, na meseji za WhatsApp hazitakukatiza.

Kusoma kwenyewe usikae ukatazama kama muvi. Tazama dakika tatu, simamisha, fanya kwa mkono wako. Google Sheets, inayofanana na Excel, ni ya bure na inafanya kazi kwa simu, mimi nilianza na vitu vya jikoni kwangu, unga kilo ngapi, mafuta lita ngapi, nimetoa ngapi zimebaki ngapi, fomula ikikataa narudi nyuma kwa vidio mpaka ikubali. Usianze na hesabu za hoteli kwenye akaunti yako binafsi, hizo ni mali ya mwajiri, omba ruhusa kwanza. Mwalimu akienda mbio punguza spidi iwe 0.75, hakuna aibu.

Na tafuta mwenzako mmoja. Tangu 2012 mitandao ya kozi ya Coursera na edX ilipoanza wanaojiandikisha ni wengi mno na wanaomaliza ni wachache, na kwa nilivyoona hapa kwetu wanaoachia njiani ni wale wanaosoma peke yao. Sisi tulikuwa wawili, kila Jumamosi baada ya shifti tunaketi tunaonyeshana kila mtu amefanya nini, na ukijua unasubiriwa utasoma hata ukiwa umechoka.

Kuhusu setifiketi, soma masharti vizuri. Kwenye mtandao wa kozi wa Alison kusoma ni bure lakini cheti unalipia, kwenye ule wa HP LIFE kozi na cheti vyote ni bure, Coursera unaweza kujaza fomu ya kuomba msaada wa ada ukaeleza kipato chako. Kama unataka cheti cha ufundi kinachotambulika na serikali, hakikisha chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya serikali inayosimamia vyuo vya ufundi, kabla hujatoa hata shilingi. Na ile meseji inayozunguka ya tuma elfu moja na mia tano upate kozi na kazi, achana nayo jamani, watu wetu wamelia sana kwa hizo.

Ukishaweza kitu, mwonyeshe bosi wako kazi yenyewe, fungua ile shiti mbele yake abonyeze mwenyewe. Halafu wafundishe wenzako kwa Kiswahili, rekodi skrini ya simu uweke kwenye grupu la kazi, isizidi dakika mbili, maana dada wa jikoni bando lake ni la shilingi ishirini na analitaka limfikishe jioni.