Namna ya Kuishi na Mifuko Miwili: Mwongozo kwa Mrithi wa Jumba la Kikabaila Aliyeajiriwa Benki London

Kijana wa Kiingereza anayetarajia kurithi jumba la ukoo na mashamba yake, huku kwa sasa akiwa ameajiriwa katika benki ya uwekezaji jijini London, ana kazi mbili, ingawa anapokea mshahara wa moja tu. Aanze kwa kutambua kwamba cheo na mali havifuatani lazima. Cheo kwa kawaida humwangukia mtoto wa kiume wa kwanza, na tangu sheria ya mwaka 1999 hakimpatii tena kiti cha moja kwa moja katika Baraza la Malodi, yaani baraza la juu la Bunge. Ardhi, jumba na picha zilizotundikwa ukutani mara nyingi ziko mikononi mwa wadhamini, yaani watu wanaoshika mali kisheria kwa niaba ya familia, kwa hiyo muombe mwanasheria wa familia akupitishe katika hati ya udhamini ukurasa kwa ukurasa, kabla hujapanga matumizi yoyote.

Pili, mweleze mwajiri wako kila kitu mapema. Udhamini unaokuhusu, ukurugenzi katika kampuni ya shamba, hisa zilizoandikwa kwa jina lako, vyote vitajwe kwa maandishi. Tarajia kutakiwa kuomba kibali kabla ya kununua au kuuza hisa, si zako tu bali hata zile unazozitolea uamuzi ukiwa mdhamini. Hatari kubwa kwa kweli haipo ofisini. Ipo kwenye chakula cha mchana cha Jumapili. Baba akikata nyama ya kuoka anauliza, kana kwamba hana neno, iwapo ile kampuni ya maji inanunuliwa. Jibu pekee ni, "Baba, kazi siizungumzi mezani," hata kama benki yako haihusiki, maana ukikataa kujibu siku unapojua jambo tu, kukataa kwenyewe kumeshakuwa jibu. Kununua au kuuza hisa kwa kutumia taarifa za ndani za kampuni, ambazo umma haujazijua, ni kosa la jinai nchini Uingereza.

Jambo linalohitaji subira zaidi ni kodi ya mirathi. Kiwango chake cha kawaida ni asilimia 40 ya kinachozidi pauni 325,000, na kizingiti hicho hakijapandishwa tangu 2009. Zawadi aliyoitoa mzazi kwa mtoto husalimika na kodi hiyo iwapo mzazi ataishi miaka 7 kamili baada ya kuitoa. Lakini akikukabidhi jumba kisha akaendelea kuishi humo bila kulipa kodi ya pango ya bei ya soko, sheria huhesabu kwamba hajalitoa. Kumtoza baba yako pango ni mazungumzo magumu, nami simlaumu anayeyaahirisha, ila kuahirisha kuna bei. Duke wa 10 wa Devonshire, mwenye jumba la Chatsworth, alikwisha kuhamisha mali zake, lakini akafariki Novemba 1950, miezi michache tu kabla ya miaka 5 iliyotakiwa wakati huo kutimia. Kiwango cha kodi kilikuwa asilimia 80. Familia iliuza ardhi na kazi za sanaa, na Hardwick Hall ikatolewa kwa serikali kufidia sehemu ya deni.

Upo pia msamaha wa masharti kwa majengo na sanaa zenye thamani ya kitaifa: kodi huahirishwa mradi mali itunzwe na umma uruhusiwe kuiona, na ikiuzwa, deni hurudi.

Bonasi ya mwaka, basi, usiimwage yote kwenye paa. Paa la jumba, lililoezekwa kwa madini ya risasi, halishibi. Utapokea ujumbe saa tano usiku, katikati ya hesabu za mteja, kwamba ndoo inayokinga maji ya mvua katika maktaba imejaa tena. Toa kwanza malipo ya bima ya maisha ya mzazi aliyekukabidhi mali, itakayodumu ile miaka 7, na iandikwe chini ya udhamini ili fidia yake isihesabiwe kuwa sehemu ya mirathi. Kinachobaki mpe fundi wa paa.