Muulize mchumba wako alilelewa na nani

Mimi ni somo, natayarisha maharusi hapa Mji wa Kale, Mombasa. Mafundisho yangu ya mapenzi siyaanzii chumbani, nayaanzia utotoni. Piko inapokauka mikononi na bi harusi hawezi kushika simu, humuuliza: ulipokuwa mdogo ukilia usiku, nani alikuja? Akijikuna kwa bega, akatafuta jibu, hapo najua pana kazi.

Wataalamu wameyaandika haya. John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza, alieleza kwamba mtoto huzaliwa na haja ya kushikamana na mtu wa kumlinda. Mwenzake Mary Ainsworth alikuja Uganda mwaka 1954, akawa akizitembelea familia za Waganda na kuwatazama watoto wao. Mama aliyeweza kumweleza mwanawe kwa undani, anapenda nini, analilia nini, mtoto wake alielekea kuwa na utulivu. Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver wa Marekani wakayapeleka maarifa hayo kwenye mapenzi ya watu wazima.

Basi mwanangu, jitambue kwanza. Usijipime siku ya raha, jipime siku mwenzio amenyamaza. Ujumbe umesomwa, tiki zimegeuka buluu, jibu hakuna. Aliyezoea kuitikiwa utotoni huendelea na shughuli zake, atauliza jioni. Aliyelelewa na mtu wa leo yupo kesho hayupo hupiga simu mfululizo, humsumbua mpaka rafiki wa mume, hata ugomvi atautafuta mradi asikie sauti. Aliyekemewa kila alipolia husema hajali, akajifungia na mambo yake. Na yuko wa nne, aliyetishwa na yule yule aliyepaswa kumlinda: anakutaka na anakuogopa kwa wakati mmoja.

Lakini usikimbilie kusema mama alikwenda Saudia kufanya kazi, basi mtoto kaharibika. Sisi wengi tumelelewa na bibi, shangazi, mama mkubwa. Ainsworth mwenyewe aliona watoto wa Uganda wakishikamana na zaidi ya mtu mmoja. La kuuliza ni kama mtoto alipolia aliitikiwa.

Ukishajijua, mwambie mchumba wako, na kabla ya ndoa. Nendeni Mama Ngina alasiri, mkae ubavu kwa ubavu mkitazama bahari. Wanaume wengi huona wepesi kusema wasipokodolewa macho. Anza wewe: "Mimi nilipokuwa mdogo nilikuwa sijui nani atarudi nyumbani. Ukinyamaza, moyo hunienda mbio." Kisha muulize yake, umsikilize bila kumkatiza.

Halafu wekeni ahadi ndogo inayoshikika. Wako wawili wa Kisauni, mume anafanya kazi bandarini kwa zamu. Wakikosana, yeye hujifungia, mke humfuata akigonga mlango, na kila anavyogonga ndivyo mume anavyozidi kukaza. Nilimwambia mume: ukitaka kuwa peke yako, taja saa. "Niache mpaka baada ya isha, nitatoka tuzungumze." Na mke nikamwambia: akishataja saa, usigonge. Siku ya kwanza alikaa barazani na kofia yake ya vito, sindano mkononi, asishone hata tundu moja. Isha ikasaliwa, mlango ukafunguka. Mume kutoka kwa saa aliyoitaja kulimtuliza mke kuliko maneno matamu ya mwezi mzima, na mke kutogonga kulimfanya mume asione ndoa ni kukabwa.

Msitarajie kubadilika kwa wiki moja. Tabia iliyojengwa kwa miaka hulegezwa kwa kurudiwa: aseme atakuja, aje, aseme atapiga, apige. Watu hubadilika kweli, na aliyelelewa kwa mashaka anaweza kupata utulivu kwa mwenza anayeaminika. Nimewaona wengi.

Ila "ndivyo nilivyolelewa" isiwe udhuru. Anayekupiga, anayekutisha, anayekunyang'anya simu, usimpangie ahadi za isha. Ondoka uende kwa watu wako, na usirudi peke yako kuchukua nguo. Na kama hakuna vitisho lakini ahadi inavunjwa kila mara, tafuteni mshauri nasaha mwende wote wawili, kabla wazee hawajaitwa na kila mtu akaanza kushika upande.