Hozi za breki kwenye gari ya zamani: kuzikagua na kuzibadilisha

Wenye Corolla 110 na gari za rika hilo wanabadilisha pedi kila mara, ila zile hozi za mpira zinazoingia kwenye kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski) hazijaguswa tangu gari ishuke bandarini, na mpira wa miaka 20 na zaidi umeshachoka hata kama hauvuji.

Piga jeki, weka stendi (usiingize mwili chini ya gari iliyoshikwa na jeki tu), toa tairi, chukua tochi. Ikunje hozi kwa vidole hasa karibu na vichwa vyake vya chuma, ukiona vipasuko au imelowa au imekwanguliwa na tairi, hiyo ni ya kutupa. Alafu mtu akanyage breki kwa nguvu huku umeishika, ikivimba mkononi itoe.

Ila inayosumbua zaidi ni iliyooza kwa ndani, maana nje inang'aa kabisa. Ukikanyaga breki, oili ya breki inapita, ukiachia hairudi, kwa hiyo upande mmoja unachemka na gari inavuta. Hapo kanyaga, achia, zungusha tairi kwa mkono. Likiwa limeshikwa, legeza nati ya juu inayounganisha paipu ya chuma na hozi: likiachia, hozi haina kosa, tafuta kwenye masta silinda (pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedali). Lisipoachia, fungua skrubu ya kutolea upepo kwenye kalipa, likiachia sasa basi hozi imeziba, likigoma bado kalipa ndo imekwama. Watu wananunua kalipa bure kwa sababu tu hawakufanya hiki kipimo.

Kubadilisha: nunua mbili, kushoto na kulia, pamoja na washa (vile vipete bapa) mpya za kopa, yaani shaba, za zamani usirudishie. Nati ya juu ni namba 10, ipulizie dawa ya kutu mapema na utumie spana ya paipu (ile inayozunguka karibu nati nzima, yenye mwanya mdogo tu wa kupitisha paipu), spana ya kawaida inakula kona na ukilazimisha unapinda paipu ya chuma, hapo kazi imeshakuwa nyingine. Chomoa klipu inayoshika hozi, fungua bolti ya kwenye kalipa, funga mpya na washa moja kila upande wa kichwa cha hozi, kaza kama 30 Nm (kipimo cha nguvu ya kukazia). Angalia hozi haijajisokota. Oili ya breki ikidondokea rangi ya bodi mwagia maji fasta, inakula rangi.

Kutoa upepo kwenye breki anza tairi la mbali na masta silinda, kwa usukani wa kulia ni la nyuma kushoto: mwenzako akanyage ashikilie, wewe fungua skrubu, funga, ndo aachie, rudia mpaka mapovu yaishe, na usiache kopo la oili ya breki la kwenye masta silinda likauke katikati ya kazi maana utaanza upya. Tumia oili ya breki ya DOT 3 mpya ambayo kopo lake halijakaa wazi siku nyingi, inanyonya unyevu hewani.

Kabla ya kutoka kata usukani mpaka mwisho pande zote uone hozi haigusi tairi, washa injini, kandamiza breki kwa nguvu, kisha pitisha tishu kavu kwenye kila kiungo. Ikilowa, gari haitoki.