Kuongoza kwa uaminifu: utaratibu wa kazi wa Mfalme Hezekia

Hezekia, mfalme wa Yuda katika Biblia, anajulikana zaidi kwa sala yake. Waashuru wanatishia Yerusalemu, naye anaikunjua barua ya vitisho mbele za Bwana. Anayetaka kujifunza uongozi kwake, hata hivyo, asianzie hapo. Aanze na 2 Mambo ya Nyakati 29 hadi 31, sura ambazo wengi huziruka kwa sababu zimejaa majina, tarehe na mafungu ya zaka. Kazi yake imo humo. Kisha asome 2 Wafalme 18 hadi 20, maana makosa yake yameandikwa huko bila kufichwa.

Fungua kilichofungwa kwanza

Alitawazwa akiwa na miaka 25. Ahazi, baba yake, alikuwa ameifunga milango ya hekalu. Mwezi wa kwanza wa mwaka wa kwanza, mwana akaifungua na kuitengeneza. Nawe unapokabidhiwa kanisa, kwaya au kamati, tafuta jambo moja la msingi lililosimama, ulishughulikie kabla ya kutangaza mipango mipya.

Angalia kazi ilivyogawanywa. Makuhani waliingia ndani wakautoa uchafu hadi uani. Walawi, wahudumu wa hekalu, wakaupokea na kuupeleka kijito cha Kidroni. Walianza siku ya 1, siku ya 8 wakafika ukumbini, siku ya 16 wakamaliza, kisha wakaenda kwa mfalme kumweleza nini kimesafishwa. Kila kazi unayoitoa iwe na hayo manne: mhusika, mpaka wake, tarehe, na taarifa ya mwisho. Ikikosa taarifa, wewe utadhani imekwisha na wao watadhani umeisahau.

Kuhusu waliokutangulia, Hezekia alitaja kosa mara moja, akasema "baba zetu", akajihesabu humo. Baada ya hapo aliagiza kazi. Kiongozi anayemsema mtangulizi wake katika kila kikao anawafundisha watu namna watakavyomsema yeye.

Ratiba ikigoma

Pasaka ilitakiwa mwezi wa kwanza, lakini makuhani waliojitakasa hawakutosha na watu hawajakusanyika. Akashauriana na wakuu na kusanyiko lote, wakaisogeza hadi mwezi wa pili. Hawakubuni ruhusa: Hesabu 9 ilikwisha kutoa nafasi hiyo kwa aliye najisi au aliye safarini. Kwa hiyo kabla ya kulegeza kanuni, soma kanuni yenyewe, kisha amua pamoja na wengine. Wajumbe wake wa kualika watu walichekwa katika nchi za makabila ya Efraimu, Manase na Zabuloni. Wachache wakaja, naye akaendelea na hao.

Sadaka: hapa ndipo wengi huanguka

Sura ya 31 ingefaa isomwe katika kila kikao cha wahazini. Mfuatano wake ni huu. Mfalme alitoa fungu kutoka mali yake mwenyewe kwa ajili ya sadaka za kuteketezwa, ndipo akawaagiza watu watoe. Ukiomba mchango ambao wewe hujauanza, watu wataujua mfuko wako kabla hujamaliza kutangaza.

Mafungu yakaanza kurundikwa mwezi wa tatu, yakakoma mwezi wa saba. Alipoyaona alimshukuru Mungu, kisha akauliza maswali. Azaria kuhani mkuu akamjibu kwamba wamekula wakashiba na kusaza. Mara akaamuru vyumba viandaliwe. Kinachoharibu mara nyingi ni kukusanya kwanza na kufikiria mahali pa kuhifadhi baadaye. Mali isiyo na chumba hupata wenyewe wengi.

Akamweka Konania Mlawi kuwa msimamizi, Shimei ndugu yake kuwa wa pili wake, na wasimamizi 10 chini yao. Kugawa kukawa kwa mtu mwingine: Kore mwana wa Imna, akisaidiwa na watu 6. Tenganisha vivyo hivyo. Anayepokea asiwe ndiye anayegawa, na hesabu isifanywe na mtu mmoja peke yake. Wapokeaji waliandikwa kwa orodha, mkubwa na mdogo wakapewa sawasawa. Bila orodha, anayepata ni mwenye sauti.

Vitu vilivyokuwa vitakatifu

Nyoka wa shaba alitengenezwa na Musa, kwa agizo la Mungu. Hezekia akamvunja, kwa kuwa watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Orodhesha desturi za kundi lako na uulize kila moja inafanya kazi gani leo. Kuvunja huku kunahitaji ujasiri kuliko kuangusha sanamu za kigeni, na hakufai kufanywa kwa pupa.

Hofu, kisha sifa

Mwaka wa 14 wa utawala wake, Senakeribu mfalme wa Ashuru alipopanda kuishambulia Yuda, Hezekia alilipa talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu, akibandua dhahabu ya milango ya hekalu. Jeshi likaja vilevile. Malipo ya hofu hayamalizi dai. Kilichosaidia ni maandalizi: alishauriana na wakuu wake, akaziba chemchemi za nje ya mji, na maji ya Gihoni yakaelekezwa ndani kwa handaki la mita 533 hivi lililochongwa mwambani. Na akasali. Hakuchagua kimoja akaacha kingine.

Hatari kubwa ilikuja baada ya kupona ugonjwa. Wajumbe wa Babeli walipomtembelea na zawadi, aliwaonyesha hazina yote, hakubakiza kitu. Jiwekee kanuni mapema: mgeni anayesifu asionyeshwe hesabu za ndani siku hiyohiyo, wala wewe usiwe peke yako naye.

Nabii Isaya alipomwambia kwamba wanawe watachukuliwa, aliridhika kuwa kutakuwa na amani siku zake. Manase mwanawe akarithi akiwa na miaka 12, akapajenga tena mahali pa juu pa ibada alipopabomoa baba yake, akatawala miaka 55. Basi mteue msaidizi wako mapema, umkabidhi funguo na daftari wewe ukingali kazini. Mwache aongoze miezi mitatu mfululizo, nawe ukae pembeni umjibu anapouliza tu.